Damu Iliyoogopa Baridi

Mu Bukavu, kitu chochote kikiharibika, mshtakiwa wa kwanza ni courant. Nyama imeoza, ni courant. Mutoto ameanguka mtihani, ni courant, alisomea gizani. Sauti ya padri imekatika katikati ya mahubiri, ni courant. Wala sisemi kwamba tunaisingizia. Umeme wetu unaenda bila kuaga, unarudi na nguvu ya mlevi, unaunguza balbu tatu, unaenda tena. Tumezoea kuulaumu. Tumezoea mpaka ukafika wakati ambapo umeme haukuwa na kosa lolote, nasi tukaendelea kuulaumu, na miguu ya mama yangu ikaendelea kufa.

Nafanya kazi mu labo ya hospitali, na kazi yangu ni damu. Mtu anatolewa damu, naiacha igande, naizungusha mu mashine mpaka ile nyekundu inashuka chini, na juu yanabaki maji ya rangi ya chai nyepesi. Maji hayo tunayaita sérum. Ndani yake kuna protini, na ukizipima zinakusimulia mambo ya mwili ambayo mwenye mwili hayajui. Ila dawa za kupimia ni ghali, na chupa ikifunguliwa lazima iishe siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kwetu hatupimi mgonjwa mmoja mmoja. Tunaweka vichupa mu frigo, tunangoja viwe vingi, halafu siku ambayo courant imetulia tunavipima vyote kwa pamoja. Hiyo ndiyo desturi yetu. Ni article quinze, kila mtu ajitafutie njia, na kwa miaka mingi imetusaidia.

Mama yangu aliuza mboga mu soko ya Kadutu, lengalenga na sombe. Asubuhi na mapema alikuwa anaziosha mu maji ya baridi, na ubaridi wa Bukavu wakati wa mvua unaujua mwenyewe kama umeishi hapa. Ugonjwa ulianzia kwenye vidole. Akitia mikono mu maji, vinageuka rangi ya wino, halafu vinakuwa vyeupe, na anasikia kama anachomwa sindano.

"Ni uzee, mutoto wangu," alisema huku akicheka. "Uzee unaanzaka mu vidole, halafu unapanda kichwani. Ya kwako utaiona."

Baadaye yakaja madoa mekundu meusi kwenye miguu, kama vile amepigwa na fimbo nyembamba. Halafu nyayo zikaanza kuwaka moto. Majirani walikuwa na jibu tayari: karuho, ile sumu ya polepole ambayo mtu anawekewa mu kikombe. Walikuwa hata na jina la aliyeiweka. Niliwafukuza kwangu. Niliwaambia waende kutafuta karuho mu vikombe vyao, maana mama yangu alikuwa mtu wa kugawa hata chumvi ya mwisho, nani angemuua?

Kitu kimoja tu ndicho kilichomtuliza, beseni la maji ya baridi. Kila jioni alimimina maji kutoka kwenye bido, dumu letu la plastiki, anaketi kwenye kiti cha mlangoni, anatia miguu, anafunga macho. "Aaah," anasema, "Bwana asifiwe." Hapo tu ndipo uso wake ulikuwa unalegea. Mimi nikitoka kazini namkuta hivyo, nafurahi, naenda kuwasha mbabula ili nipike.

Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilipoanza kuwa cheusi, sikungoja tena. Nilimpeleka kwa daktari wetu, kijana mpole, asiyesema sana. Alimtazama miguu, akasikiliza kifua, akasema kabla ya kumpa dawa yoyote anataka protini za damu yake. "Bila ile matokeo niko natembea gizani, maman," aliniambia mimi, maana kwetu kila mwanamke ni maman. "Na kile kidole hakitatungojea."

Nilimtoa mama damu kwa mkono wangu. Nikaizungusha, nikaweka kichupa mu frigo pamoja na vingine, nikangoja siku ya kupima.

Siku ilipofika, nilitoa vichupa. Kile cha mama kilikuwa na kitu cheupe, kizito, kimelala chini, kama mafuta ya supu ya ngombe iliyolala usiku mzima. Nilimwita chef wa labo. Chef wetu ni mtu mzima, amefundisha nusu ya walaborantini wa mji huu, mimi nikiwa kati yao. Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakitikisa kidogo.

"Imeharibika," alisema. "Ni courant."

Akanieleza, ingawa nilijua. Frigo inazimika, joto linaingia. Courant inarudi na nguvu, frigo inagandisha kupita kiasi. Protini haipendi mchezo huo, inavunjika na kuanguka chini. Ni kweli kabisa, nimeona ikitokea mara nyingi.

"Lakini chef, vichupa vyenye vilikuwa pembeni yake viko safi."

"Ya mama yako ulikuwa umeiweka nyuma kabisa, kwenye ukuta. Kule barafu inashikanaka."

Na kweli ilikuwa nyuma kabisa. Akaandika kwenye karatasi neno lile ambalo nalichukia mpaka leo: refaire. Kurudia.

Kurudia maana yake ni nini? Kwa chef ni sindano nyingine. Kwa mama ni kutoka kule juu Kadutu mpaka hospitali na miguu ile. Mu Bukavu hakuna njia iliyolala, ni kupanda ao kushuka, na pikipiki ilikuwa inamtikisa mpaka analia, afadhali atembee. Alikuja akishika kuta za watu. Nikamtoa damu tena. Safari hii nikaweka kichupa katikati ya frigo, mbali na ukuta.

Cheupe kikarudi.

Basi tukaanza kutafuta kosa, na nisidanganye, tulitafuta sana. Tukashuku vichupa, kwa sababu wakati ule tulikuwa tunanunua vya bei rahisi. Nikatafuta vya zamani, nikaviosha, nikavichemsha. Cheupe. Tukashuku kwamba sikuacha damu igande vizuri, kwamba zile nyuzi za damu zilibaki zikafanya utando. Nikaiacha muda mrefu, nikaizungusha mara mbili. Cheupe. Tukashuku mikrobu, nikapaka tone kwenye kioo, nikalitia rangi, nikalitazama mu hadubini mpaka macho yakauma. Hakuna mdudu hata mmoja, uwanja mtupu. Kila mara nilikuwa natazama vichupa vya wagonjwa wengine kwenye kibao kile kile, viko safi, havina hata wingu. Nilikuwa natamani kuvipiga.

Mwishowe nikapata wazo la masista. Wana kituo cha afya, na frigo yao ya chanjo inatumia jua, haizimiki hata siku moja. Wakanikubalia. Mama akatolewa damu tena, nikaenda nayo kwa masista, nikaiacha kule, nikairudia siku ya kupima. Nilipoufungua mfuko mbele ya chef, ilikuwa nyeupe chini, nzito kuliko zamani zote.

Chef akatikisa kichwa kwa huruma. "Ni njiani, maman. Ulipopita nayo kwenye jua ilipata joto. Unaona, bila courant ya kwetu hapa, huwezi kufanya kitu."

Mungu wangu! Hata mu frigo isiyojua courant, kosa lilibaki la courant! Nilicheka mbele yake, halafu nikaenda nyuma ya labo, kule tunakochoma takataka, nikalia mpaka kamasi.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa kwenye beseni lake. Kidole cha pili kilikuwa kimeanza.

"Damu yangu munaipelekaka wapi?" aliniuliza. "Munainywaka? Mungeliniambia, ningekula vizuri kwanza."

Sikuweza kucheka. Nilimwambia courant imeharibu tena.

"Ah, ile," alisema, akatikisa miguu polepole mu maji.

Ilipita mwisho wa juma mmoja ambao mji mzima ulikuwa bila umeme. Ni wakati banque zilikuwa zimefungwa, na mazutu, yale mafuta ya groupe, jenereta ya hospitali, hata anayeyauza hakuwa nayo. Jumatatu asubuhi nilifungua frigo ya labo, harufu ikanipiga usoni. Ndani mulikuwa na joto la chumba. Nikachukua ndoo, nikaanza kutoa vichupa ili nivitupe, nikikitaja kila kimoja na tusi lake.

Nikashika kile cha mama, kile kilichotoka kwa masista na cheupe chake. Ndani yake, maji ya rangi ya chai nyepesi. Chini kabisa kulikuwa na moshi kidogo tu.

Nilidhani nimekosea kichupa. Nikasoma jina, ni lake, mwandiko wangu. Nikakifunga mu ngumi. Nikakitia kwapani, chini ya blouse, nikasimama pale kama mtu mwenye homa anayepimwa. Nilipokitoa hata ule moshi haukuwepo. Kilikuwa safi kabisa.

Nikaketi chini kwenye sakafu ya saruji.

Maana protini iliyoharibika hairudi. Yai likishaiva haliwezi kurudi bichi, hata ulibembeleze. Kama hii inarudi, basi haikuharibika kamwe. Adhuhuri courant ikarudi na kelele zake, watu wakashangilia barabarani, nami nikakirudisha kichupa mu frigo. Kabla ya kwenda nyumbani nilichungulia: kuna wingu. Kesho yake wingu lilikuwa limeshuka, limelala chini, zito na jeupe. Nikakifunga mu ngumi tena. Likayeyuka, vile natazama.

Nilikwenda kumshika chef kwa mkono wa koti lake la labo. Nilimpa kichupa cha baridi, nikamfunga vidole vyake juu yake kwa nguvu. Alitaka kuuliza, akaona macho yangu, akakaza ngumi. Alipofungua mkono na kuona, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Si courant," alisema.

"Si courant, chef."

"Ni damu yenyewe."

Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema zamani. Na sisi tulikuwa tumefungua nguo za watu wote ila zetu. Huko kwingine, mahali umeme hauzimiki, nadhani laborantini angeona cheupe kile mara ya kwanza na kujiuliza juu ya mgonjwa. Sisi hatukujiuliza juu ya mgonjwa. Tulikuwa na mkosaji wetu wa kila siku, hatukuhitaji mwingine.

Tulipompelekea daktari kichupa, alikielewa kabla hatujamaliza kueleza. Akataja jina refu la ugonjwa. Akasema kuna protini ambazo mwili unazitengeneza kwa makosa, na zinaganda mu baridi. Katikati ya mwili kuna joto, hazina shida. Lakini damu ikifika kwenye vidole, kwenye nyayo, pale mwili unapoa, zinashikana na kufunga mishipa. Nyama iliyo mbele inakosa damu, inakufa. Na figo nazo zinaziba polepole.

Halafu akaniuliza, kwa sauti ya kawaida tu: "Nyumbani, ile miguu anaifanyiaka nini kwa kuituliza?"

Nilitoka mbio na koti la labo mwilini. Nilipanda Kadutu kwa miguu, napita watu, napita mikokoteni, watu wanafikiri nimefiwa. Mama alikuwa kwenye kiti cha mlangoni, macho amefunga. Nilivuta beseni, maji yakamwagika uani mpaka kwa jirani. Nikapiga magoti, nikashika miguu yake, ilikuwa ya baridi kama samaki, nikaanza kuisugua na sketi yangu.

Mama alilia. Mama yangu ambaye hakulia hata alipomzika baba, alilia kwa ajili ya beseni.

"Kitu kimoja tu kilikuwa kinanihurumia," alisema. "Kimoja tu. Na wewe unakimwanga."

Sijui kama kuna maumivu ya namna hiyo mengine. Nilimkumbatia, nami nikilia. Kumweleza kwa maneno ilishindikana, kwa hiyo kesho yake nilimletea kichupa. Nilikifunga na barafu, nikakiweka mkononi mwake. Aliona cheupe. Nikamwambia akishike kwa nguvu na asome Salamu Maria. Alizisoma nyingi. Alipofungua mkono, alitazama muda mrefu, halafu akaanza kucheka, kicheko chake kile cha sokoni.

"Kumbe mimi niko mafuta ya ngombe! Watu wa soko bakijua, batanikaangia ndizi."

Tukacheka sote wawili. Halafu akanirudishia kichupa.

"Sasa sikiliza. Siku yenye nitakufa, musiniweke mu frigo. Umesikia? Damu yangu inaogopa baridi."

"Hutakufa, mama."

"Sikuuliza ile. Musiniweke mu frigo."

Nikamwahidi. Mtu akiwa katikati ya kicheko anaahidi upesi.

Nilimvalisha soksi mbili mbili. Mbabula ilikuwa karibu na kitanda mchana kutwa, dirisha wazi kidogo tusife na moshi. Damu ya vipimo vilivyofuata niliichukua na termo ya chai, yenye maji ya uvuguvugu, ikafika labo safi, na tukapata hatimaye ile namba ambayo daktari alikuwa anaingojea tangu mwanzo. Alimwandikia vidonge vilivyokuwepo. Dawa ya nguvu zaidi haikuwepo mu mji, ndege zilikuwa hazitui tena, na mashine ya kuosha damu kwetu tunaisikia tu. Madoa yakapungua. Kwa muda niliamini. Lakini uso wake ukaanza kuvimba asubuhi, mkojo ukawa na povu, halafu mkojo ukawa haba. Figo zilikuwa zimefungwa zamani, tulipokuwa tunaosha vichupa.

Walimkata vidole viwili. Vingine havikungoja kukatwa.

Alikufa mchana, mvua ikinyesha, miguu yake nikiwa nimeifunga mu trikoo yangu ya sufu. Nilikuwa na hasira kuliko huzuni. Nilimkasirikia chef, nilikasirikia frigo, nilikasirikia hata ile courant iliyotuzoesha uvivu wa kufikiri. Kumkasirikia Mungu niliogopa, lakini nilimsogelea karibu.

Kaka yangu mkubwa anakaa Uvira. Nilipompigia simu alisema anapanda gari saa hiyo hiyo, na kwetu mutoto wa kwanza wa kiume ndiye anatupa udongo wa kwanza kwa mama yake, hilo halina mjadala. Jioni akapiga: wamezuiwa Sange, njia imefungwa, bunduki zinalia mbele, hajui ni lini watapita. "Mumuweke mu morgue," alisema. "Muningojee."

Nilisema hapana, si kwenye chumba cha maiti. Nilisema tumlaze nyumbani, tumzike kesho. Wajomba zangu walinitazama kama nimetukana.

"Unataka kumunyima kaka yako mama yake?"

"Nilimwahidi mama. Haingii mu frigo."

"Mutoto, maiti haisikiaka baridi," alisema mjomba mkubwa, taratibu, kwa wema. "Wewe mutu wa labo, si unajua?"

Najua. Najua kuliko wote waliokuwa uani pale. Lakini nilipiga kelele mpaka wamama wakanishika mikono, na wanaume wakampitisha mama mbele yangu, amefungwa mu shuka, miguu mbele. Nilifuata nyuma mpaka mlango wa morgue. Niliona wanavyomwingiza. Mlango wa bati ukafungwa, nikarudi nyumbani nimeshindwa.

Asubuhi, nilipofika na nguo za kumvalisha, nilimkuta mjomba mkubwa mlangoni anapiga makelele, anahesabu vidole vya mikono yote miwili akitaja makosa ya nchi hii. Courant! Courant ilikuwa imekatika tangu jana, hata kabla hatujafika na mama. Groupe haina mazutu. Mtu wetu ataharibika, lazima azikwe leo leo, mwenye kungojea angojee! Na ndivyo ilivyokuwa: tulimzika mchana ule, kaka yangu akiwa bado anatafuta njia ya kupita Luvungi. Hajanisamehe, kana kwamba ni mimi nilizima umeme wa mji.

Lakini kabla ya hayo, mlinzi wa morgue alitoka. Ni mzee, kofia mkononi, amezoea kutukanwa na wafiwa. Alimpita mjomba, akaja moja kwa moja kwangu, akainamisha kichwa.

"Maman, munisamehe," alisema. "Si kosa yangu, ni courant. Tangu jana ile frigo iko kabati tu. Mama yenu hakupata baridi hata kidogo."

Nikamshika mikono yote miwili.

"Aksanti, papa," nilimwambia.